Moto Aliobebeshwa Mama

Juzi nilikuwa mjini Kakamega, karibu na stendi, kijana mmoja akanionyesha mkufu wa shanga zilizotengenezwa kwa chupa kuukuu. Akanieleza taratibu, kana kwamba nimeshuka duniani asubuhi ile, kwamba hii ni sanaa mpya ya kutunza mazingira. Nikamuuliza ni mpya tangu lini. Akacheka. Mimi sikucheka. Mama yangu mzazi alizitengeneza shanga za namna hiyo kabla mama wa kijana huyo hajaota meno, nyumbani kwetu upande wa Butere, enzi zile miwa ilipokuwa ndiyo mfalme. Shukrani aliyopewa ni kuvunjiwa tanuru na kuitwa mchomaji wa mashamba ya watu. Mimi nimezeeka, lakini hasira hii imekataa kuzeeka nami.

Wasioijua miwa ya wakati ule hawawezi kunielewa, kwa hiyo nitaanzia hapo. Kiwanda kilipoanza kununua miwa kwa wakulima, wanaume wa kwetu walishikwa na wazimu wa heshima. Baba yangu alipanda miwa mpaka chini ya dirisha. Ulezi ukaondoka, mtama ukaondoka, kunde na viazi vikafukuzwa kama wageni waliokaa sana. Nyumba iliyokuwa na ghala tangu enzi za babu ikaanza kununua unga dukani, na baba akila obusuma, yaani ugali, wa unga huo alisema chakula cha shambani ni cha watu wasio na mkataba na kiwanda. Siku za malipo, mabaa yote ya barabarani yalijaa. Wanaume walirudi na nyama, mkate na maneno makubwa, na wengine walirudi na mke wa pili. Asubuhi yake njia nzima ilikuwa na vigae vya chupa, na sisi wenye miguu mitupu ndio tuliovilipia.

Mama alikuwa mfinyanzi. Alifundishwa na mama yake, na vyungu vyake vilijulikana mpaka Bukura. Lakini udongo mzuri wa vyungu ulitoka mahali pamoja tu, bondeni kando ya kijito, na mahali hapo napo wanaume walipanda miwa. Hawakuwauliza wafinyanzi. Kwani wafinyanzi walikuwa wanawake, na bonde lilikuwa na mwenyewe. Wenzake mama waliacha kazi mmoja mmoja, wakaanza kununua sufuria. Mama aliyebakiwa na udongo wa kujaza karai tu hakuacha. Alikuwa mkaidi, na mimi nimerithi sehemu tu ya ukaidi wake.

Siku moja alipokuwa akizoa jivu kwenye shimo la takataka alikuta donge la kioo, laini, limeviringana. Lilikuwa chupa ya dawa ya tumbo, ile ya bluu, iliyoungua pamoja na maganda. Mtu mwingine angelitupa. Mama alilikalia kitako mchana kutwa akiligeuzageuza, tukakosa chakula cha mchana. Baada ya hapo alianza kuharibu. Aliharibu kwa miezi mingi: kioo kilipasuka, kikashikamana na udongo, kikatoka na mapovu. Baba aliposikia mchi ukigonga chupa, aliwaambia marafiki zake kwamba mkewe anamsagia maadui sumu, na wao wakacheka kwa sauti ya watu walioshiba.

Hatimaye alipata njia. Chupa aliziloweka kijitoni, akazitoa karatasi, akazitenga kwa rangi. Za kijani zilikuwa za mvinyo wa wakubwa. Za bluu zilitoka zahanati. Za kahawia zilikuwa za bia, na hizo ilibidi ziwe zimevunjika, kwa sababu chupa nzima ya bia ilirudi kwenye kreti na mwenye baa aliilinda kuliko mtoto wake. Kwa hiyo kahawia tuliipata baada ya magomvi ya siku za malipo. Tulitwanga kwenye kinu cha chuma, vitambaa vya maji vikiwa puani, tukachekecha unga wa kioo kwa soksi nyembamba za mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akitupa zilizotoboka. Unga huo mama aliujaza kwenye vikalibu vya udongo vidogo kama kifuniko cha chupa, katikati ya kila kimoja akachomeka kijiti cha muhogo. Motoni kijiti kiliungua chote, na pale kilipokuwa pakabaki tundu la uzi. Tanuru lenyewe lilinifika kiunoni. Alilijenga nyuma ya jikoni, lina mlango mmoja mdogo na mivukuto aliyoachiwa na baba yake, aliyekuwa mhunzi. Kikishaiva kioo, alikifukia kwenye jivu kipoe polepole, maana ukiwa na haraka kinapasuka. Halafu mimi nilisugua kila ushanga juu ya jiwe kwa mchanga na maji mpaka uso wake ulainike.

Walimu walizinunua. Wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Bukura walizinunua. Maharusi wakaanza kuja nyumbani kuagiza, na kanisani ukiangalia upande wa akina mama uliona shingo baada ya shingo, kijani, bluu na kahawia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini waliozivaa hawakupenda kukumbuka vimeundwa na nani. Kwa mdomo mmoja walisema shanga zimewapendeza, na kwa mdomo huohuo walisema mke wa fulani anaokota takataka.

Sasa nije kwenye moto. Miwa ikikomaa haikatwi siku unayotaka wewe. Unangoja zamu, kiwanda kilete wakataji na matrekta. Zamu zikachelewa. Miwa ya baba ilizeeka shambani, ikatoa maua meupe, na kila siku sukari yake ilipungua. Miwa ya majirani ilikuwa hivyohivyo. Kila mtu kwetu alijua dawa ya ugonjwa huo, ingawa hakuna aliyeitaja: miwa ikiungua lazima ikatwe upesi kabla haijaoza, kwa hiyo shamba lililoungua huruka foleni. Ila kiwanda nacho hakikuwa kipofu. Mkulima aliyethibitika kuchoma miwa yake mwenyewe alinyang'anywa mkataba. Iliyoungua kwa ajali ilipokelewa. Kilichohitajika, basi, ni ajali.

Wakati huo alifariki bibi mmoja mzee, jirani yetu. Kwetu mtu akifa jembe haligusi udongo mpaka azikwe, na mama alikuwa na mwiko wa zaidi alioachiwa na mama yake: mfinyanzi hawashi tanuru wakati maiti ingali juu ya ardhi. Kijiji kizima kiliujua mwiko huo. Bi harusi mmoja alikuja kulalamika kwamba shanga zake zitachelewa, wakwe zake wenyewe wakamnyamazisha. Tangu bibi alale, tanuru lilikaa na jivu bichi la umande, na kuku walitaga mlangoni mwake.

Siku ya mazishi wanawake wote tulikuwa kwenye boma la msiba, tukipika. Mama alikuwa akisonga kwenye sufuria kubwa, na mimi nilikuwa nikimenya ndizi ubavuni mwake. Baba alikuwa amekaa na wanaume. Wakati padri anaanza sala, baba aliinuka akasema tumbo linamsumbua, akashika njia ya nyumbani. Watu walimpisha. Wote walimpisha, nataka hilo lieleweke. Wimbo wa kushusha jeneza haukuwa umekwisha tulipoona moshi. Miwa ikiungua haina siri, inapasuka kwa kelele na masizi yake yanapaa, na masizi yaliangukia vitambaa vyeupe vya akina mama wa kanisa palepale kaburini. Shamba letu liliungua, na mashamba mawili ya jirani nayo. Wanaume walikimbia kuuzima wakiwa na matawi, na kwa macho yangu niliona namna walivyokimbia. Watu wanaotaka kuzima moto hawakimbii vile.

Kesho yake habari ikafika kwamba afisa wa miwa wa kiwanda atakuja kuuliza, na kwamba liguru, yaani mzee wa kijiji, ataitisha baraza. Jioni hiyo baba aliingia jikoni. Baba hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Alisimama karibu na mlango, mama akiwa mekoni, mimi nikipepeta mchele.

"Mama watoto," alisema, "kesho wakiuliza, sema ni tanuru. Cheche imeruka."

Mama hakugeuka. Alimwambia, "Mzee, hiyo tanuru haijaona moto tangu bibi alale. Na wewe unajua."

"Nani atauliza hayo? Wewe huna mkataba. Watakufanya nini?"

Nilingoja mama amwage alichokuwa akipika. Nilingoja amwite jina lake la utotoni, au alie, au amfukuze. Alikoroga tu. Baba akatoka, na mama akaniambia niharakishe mchele. Nilimuuliza kama atakubali. Akasema yeye hatasema uongo, na hatamtaja baba wa watoto wake mbele ya wageni pia. Nikamwambia kati ya mambo hayo mawili hakuna pa kusimama. Akajibu kwamba atasimama hapohapo, na watu wamemwona, watasema wenyewe. Aliwaamini! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko baba. Mama yangu aliwaamini majirani zake.

Baraza lilijaa. Afisa alikuja na viatu vilivyong'aa na uso wa mtu mwenye safari nyingine. Liguru akaeleza msiba, moto, hasara. Kisha baba akasimama, akavua kofia, na bila kutetemeka akasema mkewe ana mchezo wa kuchoma chupa nyuma ya jikoni, amemkanya mara nyingi, hasikii.

Liguru akamgeukia mama. "Mama, si wewe unachomanga hizo chupa kila siku?"

"Nachomanga," mama alisema. "Siku hiyo sikuchoma. Kulikuwa na maiti. Hawa wote wanajua."

Akanyoosha mkono kuwaonyesha. Nami nikawaangalia, mmoja mmoja, wale aliowaonyesha. Mwanamke aliyekuwa akisonga naye kwenye sufuria moja alikuwa amekaa safu ya mbele, shingoni ana shanga za kijani nilizosugua kwa mikono yangu. Aliangalia vidole vya miguu yake. Mama mkwe wa yule bi harusi aliyeambiwa angoje, aliangalia vidole vya miguu yake. Wanaume waliompisha baba njiani walikuwa na kikohozi cha ghafla. Kila mmoja wao alikuwa na miwa, au kaka yake alikuwa nayo, na matrekta yalikuwa tayari barabarani yakingoja kauli ya afisa. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wanavyosema. Kombe likafunikwa, na chini yake wakamfunika mama.

Nikasimama. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, ninangoja nafasi ya chuo cha ualimu. Nilisema tanuru lilikuwa baridi, lina mayai ya kuku, na anayetaka aje ayaone. Watu waliguna. Liguru akaniambia mtoto hatoi ushahidi juu ya baba yake, na msichana aliyesoma asiwe wa kwanza kusahau hilo. Nikamwambia mimi sijamtaja baba wa mtu yeyote, ni yeye liguru aliyemtaja. Hapo kulitokea kicheko kidogo, kikakatika, na mama akanivuta sketi nikaanguka chini kwenye nyasi.

Afisa alitaka kuondoka. Akasema kwa upande wa kiwanda hiyo ni ajali, miwa ikatwe mara moja. Kwa upande wa kijiji, liguru akaamua tanuru livunjwe, na mama asiwashe tena moto wowote nje ya jiko la chakula. Wakapiga makofi. Matrekta yakaingia siku hiyohiyo.

Waliamua pia kwamba mwenye boma ndiye avunje. Baba akalivunja kwa jembe. Halikuchukua muda, udongo ule haukuwa wa kupigwa jembe. Mama aliomba jambo moja tu, atoe kwanza vikalibu vilivyokuwa ndani, vimeshajazwa unga wa bluu, vikingoja bibi azikwe ndipo viingie motoni. Baba alimruhusu, kana kwamba hisani hiyo ilikuwa yake kuitoa. Mama akavibeba kwenye ungo, akavimwaga bondeni, unga wa bluu ukalala juu ya mizizi iliyoungua. Mivukuto ya babu baba aliiuza kwa mtu wa Malava. Mwaka huo tulipata nyumba ya mabati. Mvua iliponyesha baba alipenda kusema sikilizeni, nyumba inaongea, na mimi nilitoka nje nikalowane.

Nimeambiwa na watu wazima wenye akili kwamba nisamehe, kwamba mambo ya mume na mke yana kina. Sawa. Lakini mama alikuwa na miaka mingi mbele yake, na kazi iliyompa furaha kuliko watoto wake, nasema hivyo bila wivu, na kazi hiyo ilichukuliwa ili zamu ya miwa isogee. Akina mama walimrudia, ndiyo, na hawakuona haya. Uzi umekatika, ushanga umepotea, binti anaolewa. Aliwajibu kwa adabu kwamba amekatazwa moto. Wakasikitika. Kanisani, wakati wa kupeana amani, walimpa mikono. Na watoto wao walipomwona njiani waliimba kwamba huyo ndiye aliyechoma miwa, maana watoto walikuwa wameambiwa hivyo, na wao waliamini kweli. Mama aliishi na jina hilo miaka yote ya ujana wangu, na mpaka nimekuwa mwalimu, nimeolewa, nimezaa.

Miwa nayo ikaja ikachoka. Kiwanda kikaanza kusuasua, miwa ikaozea shambani, wanaume waliokuwa na sauti wakaanza kupanda viazi kimyakimya. Baba alizeeka akiwa mpole, jambo lililonikera, kwa sababu watu husahau haraka wakiona mzee mpole. Akafa. Tukamzika vizuri, na nililia, kwani alikuwa baba yangu.

Kwetu baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Ukoo hukusanyika, wafiwa wananyolewa, kisha mzee wa ukoo huuliza kama kuna mtu mwenye jambo na marehemu. Mwenye dai aseme siku hiyo, na watoto wa marehemu wajibu. Asiyesema amesamehe. Yuko aliyeleta suala la mpaka, mwingine la fahali aliyeazimwa. Kaka yangu mkubwa akajibu yote vizuri. Kisha mama akasimama, kichwa chake kimetoka kunyolewa, kinang'aa, kidogo kuliko nilivyokijua.

Mzee wa ukoo akamwambia kwa heshima, "Mama, mjane hadai. Mali ya marehemu ni yake."

"Sidai mali," mama alisema. "Marehemu aliniwekea moto wake. Nimeubeba. Leo namrudishia, akae nao."

Akamtafuta liguru wa zamani, ambaye sasa alikuwa mkongwe wa kushikwa mkono, amekalishwa kwenye kiti kizuri kilichopo. Akamuuliza siku ile tanuru lilikuwaje. Yule mzee hakusitasita hata kidogo. Nadhani hilo ndilo lililonitoa machozi ya hasira, urahisi wake.

"Lilikuwa baridi, mama," alisema. "Sisi sote tulijuanga."

Na wote wakaitikia. Ndiyo, lilikuwa baridi. Ndiyo, kulikuwa na maiti. Wazee waliokuwa na vikohozi siku ile sasa walikuwa na kumbukumbu nzuri ajabu, mmoja akataja hata mayai ya kuku. Waliongea kwa furaha, wakisaidiana, kama watu wanaokumbushana harusi. Ukweli ulikuwa midomoni mwao muda wote huo, mzima, haujapungua, na waliutoa siku ambayo haukumnyima mtu yeyote kitu chochote. Mwanamke aliyesonga na mama kwenye sufuria moja alikuja akamshika bega, akamwambia jina lake limesafishwa, sasa awashe tanuru lake tena, hakuna wa kumkataza.

Mama aliinua mikono yake wote waione. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi, havikuweza hata kushika sindano, na nilikuwa nimemfunga kitambaa cha kichwa mimi mwenyewe asubuhi ile, kabla hajanyolewa.

"Jina mmenipa," alisema. "Na hii mikono, nani atairudisha?"

Alirudi akaketi kwenye mkeka. Mzee wa ukoo akakohoa, akauliza kama yuko mwingine mwenye jambo.